Trekta la Karibu, Fundi wa Mbali

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Paskalina alilipanga kichwani njia nzima kutoka Mwagalula hadi Runzewe, kilomita kumi na nane za mshikaki juu ya bodaboda, yeye katikati, mumewe Ngassa nyuma akimshikilia mabega. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2021. Maksai wao wawili walikuwa wamezeeka, na Ngassa mwenyewe hakuwa tena na magoti ya kufuata plau mbugani. Walikuwa wameamua kununua trekta. Lililobaki lilikuwa kujua walinunulie wapi, na Paskalina, ambaye hakununua hata kibatari bila kuuliza utambi wake unapatikana wapi, alikuwa na swali lake.

Yadi ya Selestine Magesa ilikuwa palepale barabarani, malori ya Rwanda yakipita mbele yake mchana kutwa. Juu ya geti kulikuwa na bango jekundu: TUPO KARIBU NAWE. Magesa alikuwa ameketi chini ya banda na wateja wanne na mafundi wawili, wanakunywa chai. Alikuwa mdogo kwa Paskalina kwa miaka kumi, mzaliwa wa Mwagalula hiyohiyo, lakini alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka kumi na miwili, akarudi na miwani myeusi na Kiswahili kilichonyooshwa kama shati la harusi. Hakutoa shikamoo.

"Karibuni, karibuni wazee," alisema.

"Asante, baba," Paskalina alijibu. "Tumekuja na swali moja. Tilekita likihalibika shambani, fundi anafika baada ya siku ngapi?"

Magesa aliweka kikombe chini. "Nini likiharibika?"

"Tilekita."

"Rudia, mama. Sijakusikia vizuri."

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo Paskalina hakujisamehe kamwe. Alirudia. Alidhani kweli hakusikika, kwa sababu ya kelele za malori, na alirudia kwa sauti kubwa zaidi, polepole, kama mtu anayemsaidia kiziwi. "Ti-le-ki-ta."

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Fundi mmoja alimwaga chai. Magesa alijifuta machozi chini ya miwani, akasema, "Mama yangu, tilekita hapa hatuna. Hebu jaribu pale ng'ambo wanapouza majembe. Sisi tunauza trrrekta." Aliivuta ile R mpaka wateja wakashika matumbo.

Ngassa, mtu wa utani, alicheka kidogo kwa aibu. Paskalina hakucheka. Aliangalia bango, aliangalia saa yake ya mkononi, akageuka kwenda zake. Walipofika barabarani alitambua kwamba swali lake halikujibiwa.

*

Watu wa Mwagalula walimjua Paskalina, Mama Luka, kama mwanamke asiyepaza sauti. Alizaliwa karibu na Kolandoto, binti wa mfagizi wa hospitali, akasoma mpaka kidato cha nne. Shuleni insha zake zilikuwa za kwanza darasani, lakini siku ya wazazi mwalimu wa Kiswahili alikuwa na utaratibu wake: "Paskalina aandike, mwingine asome." Mkono wake uliijua R. Ulimi wake, kama ndimi za mama zake wote, haukuijua. Yeye hakuona ubaya. Kwa miaka thelathini aliandika, na wengine wakasoma.

Aliandika kila kitu. Nyumbani alikuwa na kaunta buku tisa: mvua ya kwanza ilinyesha lini, ng'ombe gani alizaa, nani aliazima plau na alilirudisha limekatika wapi. Ukibishana na mkeo kuhusu mwaka ambao mto ulifurika, ulikwenda kwa Mama Luka, akafungua ukurasa, ugomvi ukaisha, ingawa si kila mara kwa furaha.

Baada ya siku ile ya Runzewe, kwa wiki nzima, alisimama kwenye kinu asubuhi akijaribu. Tr. Tr. Trekta. Kuku walimtazama. Ulimi uligoma kama maksai aliyeona nyoka.

"Acha, Mama Luka," Ngassa alimwambia. "Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, lakini wewe hukujikwaa. Wewe ulizaliwa hivyo, na mimi nilikuoa hivyo."

"Sawa," alisema. Aliacha kujaribu siku hiyohiyo. Aliweka mchi chini na kuamua kwamba si ulimi wake utakaolipa. Magesa ndiye atakayelipa, na atalipa kwa lile swali alilolikataa.

Jioni, kabla jua halijazama, alifungua kaunta buku ya kumi. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwa wino wa bluu, R zote zikiwa mahali pake: Trekta likiharibika, fundi anafika baada ya siku ngapi?

*

Magesa alikuwa ameuza matrekta saba upande wa Bukombe na Kahama. Paskalina alichukua misimu miwili kuyafuata yote. Hakuwa na haraka. Alikwenda kila alipopata safari nyingine, msiba, ubatizo, mnada wa ng'ombe. Kwa kila mwenye trekta aliuliza mambo mawili tu: ulipiga simu siku gani, na fundi alifika siku gani.

Watu hawakumbuki tarehe. Wanasema "kama wiki mbili hivi, mama." Paskalina hakuandika "kama." Alimkalisha mtu chini, akamfunga kwenye jambo asiloweza kulisahau.

Lusia, ambaye shamba lake lilikuwa kilomita sita tu kutoka kwenye ile yadi, alisema fundi alichelewa kidogo.

"Ulipiga simu ulipokuwa unafanya nini?" Paskalina aliuliza.

"Nilikuwa narudi kwenye mazishi ya baba mkwe."

"Na fundi alipofika?"

Lusia alifikiri. "Tulikuwa tunapika wali wa kuondoa matanga. Nilimpa sahani." Alihesabu kwa vidole, akashika mdomo. "Mama Luka! Watu wa mbali walikuja kwa basi, wakalia, wakakaa, wakaondoka, huyo wa hapo jirani hajafika!"

Siku kumi na tisa. Paskalina aliziandika.

Bwana mmoja wa Masumbwe: siku ishirini na mbili. Mwalimu mstaafu: kumi na moja. Mjane aitwaye Wema: kumi na saba, na mahindi yake yakapandwa mvua ikiwa inaaga. Mwenye trekta wa tano, jirani yake Wema: kumi na nne.

Wa sita alikuwa Nasibu, mchimbaji kutoka Tanga aliyebahatika kwenye duara lake, shimo la dhahabu, upande wa Bulyanhulu, akanunua trekta la kusombea mawe kupeleka kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Paskalina alimkuta ameketi kwenye tairi akila muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, mwanangu."

"Siku ngapi? Subiri, simu yangu haisahau." Alimwonyesha tarehe za simu alizopiga, mstari kwa mstari, kama rozari. "Ishirini na sita. Siku ya kwanza nililia. Siku ya kumi wanawake wa hapa walianza kuanika nguo juu yake. Siku ya ishirini kuku alitaga chini ya kiti. Mimi nikasema basi, hii si trekta tena, ni nyumba ya mtu."

Hata Paskalina alitabasamu. Akaandika: 26. Pembeni, kwa herufi ndogo: kuku.

Trekta la saba liliharibu kila kitu.

Lilikuwa Ushirombo, kwa mwanamke aitwaye Ritha. Ritha alisema, bila kufikiri, kwamba alipiga simu saa mbili asubuhi na fundi alifika saa tano, siku hiyohiyo. Alikuwa na hakika, kwa sababu chai ya asubuhi ilikuwa bado ya moto kwenye chupa. Paskalina alirudi nyumbani akiwa mzito kama aliyebeba gunia la pamba mbichi.

"Lifute," Ngassa alisema. "Sita zinatosha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi unataka kisasi au unataka kuwa hakimu?"

"Nataka kisasi kisicho na tundu," Paskalina alisema. "Nikilificha la saba, yeye atalitoa."

Alikaa na ukurasa ule siku tatu. Siku ya nne, Jumapili, alikuwa ameketi kanisani kando ya bibi Mbuke, mama mzazi wa Magesa, ambaye hakuwahi kuhama Mwagalula na ambaye kila baada ya misa alimweleza yeyote aliyesimama karibu kwamba mwanawe anauza matilekita. Siku hiyo pia alieleza.

"Na wengine tumewauzia ndugu," bibi Mbuke aliongeza kwa fahari. "Hata Litha wa Ushilombo, mdogo wake mke wa Selestine, naye analo."

Paskalina alimshika bibi mkono. "Wabeja, mama," alisema, na hakuna shukrani aliyowahi kuitoa kwa moyo mweupe kuliko ile, ingawa shabaha yake ilikuwa nyeusi. Alirudi nyumbani akafungua daftari. Lile la saba hakulifuta. Alilihamishia ukurasa wake wa peke yake, mwishoni.

*

Kisha alikwenda mbali. Alipanda basi la Shinyanga mjini, zaidi ya kilomita mia mbili, akaingia kwenye duka la matrekta ambalo hakuna mtu wa Mwagalula aliyewahi kununua kitu. Dada aliyekuwa mezani, Aneth, alisimama kumsalimia. Paskalina aliuliza swali lake vilevile, kwa tilekita yake na halibika yake, akasubiri kicheko.

Aneth aliinamisha kichwa kufikiri. "Sikumbuki nani aliwahi kuniuliza hilo, mama. Wengi wanauliza bei. Fundi wetu anapanda basi la kwanza la kesho yake. Kwa huko kwenu, niseme siku mbili. Mvua ikikata barabara, tatu."

"Nipe majina ya wateja wako wa mbali."

Alipewa matatu, akaenda kwa wote. Wa kwanza alikuwa Sesilia, nje kidogo ya Kolandoto, ambaye ndiye aliyekuwa karibu zaidi: siku moja. Wa pili, siku mbili. Wa tatu, siku tatu, mvua ilikata barabara.

Usiniulize Paskalina alijisikiaje kwenye basi la kurudi. Watu waliomwona wanasema alilala usingizi mzito, daftari chini ya kwapa, mdomo wazi, kama mtu aliyemaliza kuvuna.

*

Mwezi Septemba mwaka 2023 chama cha msingi cha wakulima wa pamba wa Mwagalula kiliitisha mkutano ndani ya ghala. Chama kilitaka kununua matrekta matatu kwa pamoja. Mwenyekiti Bartholomeo, mzee mwenye heshima na asiyependa safari, alikuwa tayari ameshaamua moyoni: Magesa ni mtoto wa nyumbani, yadi yake iko hapohapo, kwa nini mtu avuke maji akakoge? Paskalina na Ngassa walikuwa bado hawajanunua la kwao. Misimu miwili walikuwa wamelima kwa kukodi, wakipewa zamu ya mwisho kila mara, na yeye alikuwa amevumilia hayo kwa ajili ya siku hii moja. Kama ghala lingemchagua Magesa leo, daftari la kumi lingekuwa karatasi za kuwashia jiko.

Magesa alifika na gari jeupe, kofia za kugawa na kreti za soda. Alizungumza vizuri. Aliwapa shikamoo wazee wote, mmoja mmoja. Alimaliza kwa kunyoosha mkono kuelekea Runzewe. "Ndugu zangu, trekta si ndoa kwamba ukishachukua umeondoka. Trekta ni mgonjwa, linahitaji daktari wa karibu. Na sisi tupo karibu nawe."

Walipiga makofi. Mama yake, bibi Mbuke, mwanachama wa miaka mingi, alipiga kuliko wote.

Paskalina alisimama. "Mwenyekiti, nina maandishi."

"Vizuri, Mama Luka," Bartholomeo alisema. "Mpe katibu Edward atusomee."

Edward alishanyoosha mkono. Paskalina aliutazama ule mkono, na kwa kitambo kidogo aliuona mkono wa mwalimu wake wa zamani.

"Leo nitasoma mwenyewe," alisema.

Magesa alimtambua. Alimwegemea mzee aliyekaa jirani naye na kusema kwa sauti ya kusikika, "Jamani tegeni masikio. Leo tutasikia mengi yamehalibika."

Wachache walicheka. Paskalina alivaa miwani ya kusomea. Alisoma bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Lusia, kilomita sita kutoka yadi: siku kumi na tisa. Masumbwe: ishirini na mbili. Mwalimu: kumi na moja. Wema: kumi na saba. Jirani yake Wema: kumi na nne. Nasibu wa Bulyanhulu: ishirini na sita. Aliposoma "kuku" ghala lilicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kinaelekea upande mwingine. Kisha alisoma Shinyanga: moja, mbili, tatu.

"Kwa hiyo, mwenyekiti," alisema, "Lunzewe ni mbali kuliko Shinyanga. Nimepima kwa siku, maana mvua haisubili kilomita."

Minong'ono ilianza. Magesa alisimama akitabasamu, na tabasamu lile Paskalina alikuwa amelingojea miaka miwili.

"Mama Luka anaandika vizuri," Magesa alisema, "ila anachagua cha kuandika. Mwulizeni trekta la Ushirombo! Fundi wangu alifika baada ya saa tatu. Saa tatu! Mbona hilo hakulisoma? Anaficha nini?"

"Ni kweli, Mama Luka?" Bartholomeo aliuliza.

Paskalina alilamba kidole, akageuza hadi ukurasa wa mwisho.

"Ni kweli tupu. Simu saa mbili, fundi saa tano. Mwenye tilekita ni Litha." Alishusha miwani. "Bibi Mbuke, samahani mama yangu. Litha ni nani kwenu?"

"Ni shemeji yake Selestine!" bibi Mbuke alijibu kwa furaha ya mtu anayejua jibu. "Mdogo wa mke wake!"

Lusia ndiye aliyeanza, kutoka nyuma, taratibu: "Kumbe fundi anajua njia." Mwingine akadakia: "Kumbe pikipiki inawaka!" Na mwingine: "Sisi tusio na dada wa kuolewa tufanyeje, Magesa?" Kofia moja ilirushwa ikaangukia kwenye kreti la soda.

Magesa alinyoosha mikono. "Nisikilizeni. Nisikilizeni!" Jasho lilikuwa linamtoka chini ya miwani. Hakuna aliyesikiliza. Alipanda juu ya kreti, sauti ikamkatika, na ile nguo ya Dar es Salaam iliyonyooshwa miaka kumi na miwili ikamvuka mbele ya watu wote. "Mnanionea! Matilekita yangu hayana ubovu! Nasema matilekita yangu..."

Alijisikia mwenyewe. Alifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Paskalina alizungumza kwa upole.

"Ludia, baba. Hatujakusikia vizuli."

Wazee walilia kwa kicheko. Watu waliegemea marobota ya pamba ili wasianguke. Bartholomeo alificha uso kwenye kofia yake. Paskalina hakucheka, kama vile hakucheka mwaka ule. Alifungua kalamu, akaangalia saa, akaandika tarehe na dakika. Bibi Mbuke peke yake hakuelewa wanachokicheka. Alikuwa anapiga makofi, macho yamelowa.

"Mnamsikia?" aliwaambia waliokaa karibu naye. "Mwanangu huyo. Sasa amelidi nyumbani."

Hilo, wanasema, ndilo lililomtoa Magesa ghalani.

*

Matrekta matatu yalikuja kutoka Shinyanga juu ya lori, mwezi Oktoba, na la nne lilikuwa la Ngassa na mkewe. Paskalina aliketi mbele na dereva. Walipofika Runzewe alimwomba asimame kidogo mbele ya geti lenye bango jekundu, ahakikishe minyororo imekaza. Minyororo ilikuwa imekaza. Dereva aliikagua polepole, kwa kuwa aliombwa aikague polepole.

Magesa alitoka hadi getini. Hakuwa na miwani.

"Shikamoo, Mama Luka," alisema.

"Malahaba."

"Yakiharibika msije hapa."

"Yakihalibika," Paskalina alisema kutoka juu, "utamwona fundi akipita."

Mwezi Desemba, mvua ikiwa imeshika, la kwao likagoma katikati ya shamba. Alipiga simu Jumatatu. Alhamisi asubuhi fundi alipiga kutoka kwenye basi. Siku tatu, si mbili. Paskalina aliandika tatu, kwa kuwa hakuwahi kuandika uongo.

"Mama, nimeambiwa nishuke njiapanda ya Mwagalula, kabla ya Runzewe," fundi alisema. "Sivyo?"

"Hapana, mwanangu. Pitiliza mpaka Lunzewe. Mwambie deleva akushushe mbele ya geti lenye bango jekundu. Simama hapo na sanduku lako la vifaa, bodaboda atakukuta. Usijifiche jua."

Alipokata simu, Ngassa alikuwa anamtazama.

"Mama Luka, si unampitisha njiapanda kilomita sita bure?"

"Sita tu," alisema, akiifunga kalamu. "Siyo mbali."